Filta imekwama kwenye lenzi iliyoanguka? Tuliza mkono kwanza

AJALI haina kinga, walisema wahenga, na wapiga picha wa harusi wanaujua ukweli wa msemo huo kuliko watu wengi. Maharusi wamesimama tayari kukata keki. Mtoto anayekimbia baina ya viti ananasa mkanda wa kamera uliokuwa ukining'inia mezani. Kamera yaenda chini, mdomo wa lenzi ukitangulia. Inapookotwa, kioo cha mbele kimepasuka vipande vipande na mwenyewe anaona kitumbua chake kimeingia mchanga. Arbuni ya harusi hii imekwisha kuliwa, na Jumamosi ijayo ana harusi nyingine.

Wasiwasi wa aina hiyo humpata pia mwanafunzi wa uandishi wa habari aliyeazima kamera ya chuo, na baba wa nyumba aliyenunua kamera ya mtumba ili kuwapiga picha wanawe siku za mahafali. Siku hizi watu wengi hupiga picha kwa simu, lakini anayetaka picha za kazi bado hubeba kamera yenye lenzi ya kubadilishwa, na lenzi hiyo mara nyingi ina bei kuliko kamera yenyewe.

Hata hivyo, usilie kabla ya kutazama. Aghalabu kioo kilichovunjika si cha lenzi. Ni cha filta, kile kichujio kilichofungwa mbele yake. Lenzi yenyewe huenda ni nzima kabisa. Taabu ni kwamba pete ya filta imebonyea na imekwama, haitoki wala haizunguki. Hapo ndipo wengi huharibu kwa mikono yao kile ambacho sakafu ilikisamehe.

Mbona pete yakataa kuzunguka?

Filta ni kioo chembamba kilichozungushiwa pete ya chuma, aghalabu alumini, na nyingine za bei ya juu ni za shaba ya manjano. Pete hiyo ina hesi, yaani mikato kama ya skrubu, inayoingia katika hesi za mdomo wa lenzi. Vipimo vyake huandikwa kwa milimita: 49, 52, 58, 67, 72, 77 na kadhalika. Nyingi kati ya filta hizi zina hesi zilizoachana kwa milimita 0.75. Maana yake ni kwamba, ukiizungusha duara moja kamili, filta hupanda au kushuka kwa robo tatu tu ya milimita.

Kamera ikianguka kutoka kifuani mwa mtu mzima, tuseme mita 1.2, hugonga sakafu ikiwa na mwendo wa kilomita 17 hivi kwa saa. Uzito wote huishia penye nukta moja ya pete. Pale panabonyea. Duara si duara tena, na hesi zilizokuwa zikiteleza kwa ulaini sasa zimeumana. Bonde dogo ambalo jicho laweza kulipuuza latosha kuifunga pete isisogee.

Kwa hivyo filta haikukwama kwa sababu imekazwa sana. Imekwama kwa sababu umbo lake limebadilika. Ukilishika hilo, utaelewa kwa nini nguvu peke yake haisaidii.

Dakika kumi za kwanza

Jambo la kwanza ni kutofanya mambo manne. Usirudishe kifuniko cha lenzi, kwa kuwa kitavisukuma vigerenyenza vya kioo mpaka kwenye lenzi. Usizungushe ringi ya kulenga wala ya kuvuta picha karibu. Usipanguse kwa kitambaa, hata kiwe laini namna gani, kwani kioo juu ya kioo hukwaruza. Na usipulize kwa mdomo, kwa sababu mate yatarukia lenzi na vigerenyenza vitarukia macho yako.

Badala yake, igeuze kamera taratibu mpaka lenzi itazame chini, ili vipande vilivyolegea vianguke vyenyewe. Ibebe hivyo hivyo hadi mahali penye meza na mwanga wa kutosha. Tandaza gazeti, na juu yake karatasi nyeupe ili uone kila kipande kinachoanguka. Watoto wakae mbali. Vaa miwani, hata ya jua, na glavu nyembamba ukiwa nazo.

Kisha toa lenzi kwenye kamera na uifunike nyuma kwa kifuniko chake. Tundu la kamera nalo lifunikwe. Unga wa kioo ukiingia huko ndani, ajali moja itakuwa imezaa ya pili.

Sasa washa tochi na uimulike lenzi kutoka upande, si kutoka mbele. Mwanga wa kiupandeupande huonyesha mikwaruzo na nyufa ambazo mwanga wa mbele huzificha. Ukiona ufa katika kioo cha lenzi chenyewe, acha papo hapo. Kazi hiyo si yako tena, ni ya fundi.

Vigerenyenza vitoke kabla ya pete

Wenye haraka huanza na pete. Hilo ni kosa. Pete ikizungushwa ilhali vipande vya kioo vimo ndani yake, vitasaga kama mchanga kwenye jiwe la kusagia, na chini yake ni lenzi.

Ikiwa kioo cha filta kimepasuka lakini bado kimeshikana, bandika juu yake vipande vya selotepu ili visitawanyike, kisha jaribu kuitoa filta nzima ikiwa hivyo. Bandika polepole bila kukandamiza.

Ikiwa kioo kimemeguka, ishike lenzi ikiwa imetazama chini na uvitoe vipande kwa kibano, kimoja kimoja. Vile vilivyobanwa chini ya ukingo wa pete huvutwa kuelekea katikati, kisha chini. Usivichokoe kuelekea juu yalipo macho ya lenzi. Baadhi ya filta zina pete nyingine nyembamba ndani inayokishika kioo, yenye vitobo viwili vidogo vilivyokabiliana. Kama haikubonyea, waweza kuizungusha kwa ncha za kibano na vipande vyote vikaanguka kwa pamoja.

Vikiisha, tumia kipulizio cha mpira, kile cha kubonyeza kwa mkono kinachouzwa madukani ya kamera, ukipuliza lenzi ikiwa bado imetazama chini. Hata kipulizio cha mpira cha duka la dawa chafaa, mradi ni kipya na kikavu. Vipande vyote vikunjwe ndani ya gazeti na selotepu kabla ya kutupwa, asije mzoa taka akakatwa mkono.

Zungusha bila kubana

Sasa ndipo unapoijaribu pete. Ukiwa umeitazama lenzi usoni, filta hufunguka kwa kuzungushwa kinyume na mwendo wa saa, kama kifuniko cha chupa ya jamu.

Kosa la kawaida ni kuishika pete kwa vidole viwili na kuibana kwa nguvu. Pete ya filta ni nyembamba. Ukiibana pande mbili hugeuka kuwa umbo la yai, na hesi huumana zaidi. Kadiri unavyobana ndivyo unavyoifunga. Shida ni kupata mshiko unaoenea pete yote bila kuiminya. Njia ni hizi.

Ya kwanza ni glavu za mpira za kuoshea vyombo. Weka vidole vyote vitano kuizunguka pete, ushike kwa wepesi, kisha zungusha. Wengi hushangaa kuona pete iliyogoma saa nzima ikilegea hapo.

Ya pili ni utepe mpana wa mpira, kama ule wa kufungia mabunda ya noti. Uzungushe kwenye ukingo wa pete ili vidole visiteleze.

Ya tatu ni soli ya raba safi. Baada ya kuhakikisha kwamba hakuna kioo kilichobaki kwenye pete, simamisha lenzi juu ya soli hiyo, mdomo chini, kandamiza kiasi, na uizungushe lenzi kinyume na mwendo wa saa ukiitazama kutoka nyuma. Soli huishika pete yote kwa usawa. Hata hivyo, usiitumie njia hii kwa lenzi ambayo kioo chake kimevimba nje mpaka karibu na ukingo, kama zilivyo lenzi nyingi za kupigia mandhari pana.

Ya nne ni vibanio maalum vya filta, ambavyo huuzwa viwili viwili. Ni vya plastiki na vimepindwa ili vikumbatie sehemu kubwa ya duara.

Katika njia zote hizi, angalia umeishika lenzi wapi. Shika bomba lile lililo karibu kabisa na mdomo, si sehemu ya nyuma wala ringi ya kulenga. Ukishika nyuma na kuzungusha mbele, nguvu yote hupitia kwenye mitambo ya ndani, na waweza kutoa filta na kuvunja lenzi kwa mkupuo mmoja.

Pete ikisogea kidogo kisha ikakwama, irudishe nyuma kidogo, halafu uilete tena mbele. Nenda hivyo, mbele na nyuma, kama gari lililonasa matopeni. Mwenda pole hajikwai.

Joto, baridi na mafuta

Wapo wanaoshauri kuiweka lenzi ndani ya friji au kuipasha moto kwa mashine ya kukausha nywele. Hebu tufanye hesabu. Pete ya alumini yenye upana wa milimita 77, ikipashwa kwa nyuzi 20 zaidi, hupanuka kwa takriban milimita 0.035 tu, ambayo ni chini ya unene wa unywele wa kawaida. Na iwapo mdomo wa lenzi nao ni wa alumini, vyote viwili hupanuka pamoja, kwa hivyo faida ni ndogo sana.

Hasara nayo si ndogo. Lenzi iliyotoka kwenye friji hufanya umande ndani na nje, na unyevu ndio mlango wa ukungu unaoota juu ya vioo. Wakazi wa Mombasa na Lamu wanaujua vyema ukungu huo hata bila friji. Joto kali nalo hulainisha grisi na gundi za ndani.

Mafuta ya kulegeza kutu ni mabaya zaidi. Hayakai pale ulipoyatia. Hutambaa mpaka kwenye vioo, na mpaka kwenye vibamba vyembamba vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga. Vibamba hivyo vikilowa mafuta hugandana, na hapo gharama ya fundi huwa kubwa kuliko ya filta kumi.

Pete ikikataa kabisa

Ukijaribu yote hayo na pete isisogee, filta hiyo imekwisha kufa. Usiionee huruma. Kinachookolewa ni lenzi. Hatua hii si ya mtu mwenye hasira wala mwenye haraka, na kama mikono yatetemeka, iahirishe hadi kesho.

Kwanza kinga kioo cha lenzi. Kata duara la karatasi laini, na jingine la kadibodi nyembamba, viingie ndani ya pete na kukifunika kioo chote. Ziba ukingo kwa selotepu ili unga wa chuma usipenye.

Kisha chukua koleo yenye mdomo mwembamba. Anza upande unaokabiliana na bonde, mahali ambapo pete ingali nzima. Shika ukingo wa pete ya filta peke yake, hakikisha hujaushika mdomo wa lenzi, na uukunje ndani kuelekea katikati, kidogo kidogo. Pete ikikunjika, duara lake hupungua, na hesi zake huachana na za lenzi. Mara nyingi mikunjo miwili au mitatu yatosha, kisha pete yote huvutwa ikatoka kama mfuniko wa kopo.

Pete ikiwa nene na haikunjiki, kata ufa mmoja kwa msumeno mdogo wa chuma, kutoka ndani kuelekea nje. Ishike lenzi kwa ubavu, ufa ukiwa upande wa chini, ili unga uanguke mezani. Kata taratibu na utazame kila baada ya mivuto michache. Usiukate mpaka mwisho. Bakisha utando mwembamba wa chuma kabla ya kufika kwenye hesi za lenzi, halafu umalizie kwa koleo, maana utando huo utavunjika wenyewe pete inapokunjwa.

Lenzi nyingi za siku hizi zina mdomo wa plastiki ngumu. Hizo hazibonyei, hupasuka. Ukiona ufa kwenye plastiki, usitumie koleo hata kidogo, kwani utaumegua mdomo wote.

Je, lenzi imepona?

Pete ikishatoka, puliza vumbi lote kabla ya kuondoa kadibodi, na baada ya kuiondoa puliza tena. Sugua hesi za lenzi kwa mswaki mpya mkavu, lenzi ikitazama chini. Ni baada ya hapo tu ndipo unaporuhusiwa kukigusa kioo kwa kitambaa cha lenzi.

Bonde likiwa limebaki kwenye mdomo wa lenzi, usiligonge kwa nyundo. Mafundi wana chombo maalum, kama jiriwa iliyogeuzwa, kinachosukuma ukingo kutoka ndani kwa parafujo hadi duara lirudi. Na kama huna haja ya kufunga filta nyingine, bonde lenyewe haliharibu picha. Waweza kuliacha.

Kinachoweza kuharibu picha ni vioo vya ndani kuhama mahali pake. Kipimo ni rahisi. Bandika ukurasa wa gazeti ukutani, unyooke. Simamisha kamera juu ya kiweko, iutazame ukurasa sawasawa, fungua tundu la mwanga hadi mwisho, kisha piga picha. Itazame picha hiyo ikiwa imekuzwa, pembe zote nne. Maandishi yakiwa yanasomeka sawa pembe zote, mshukuru Mungu. Pembe moja ikiwa na ukungu kuliko nyingine, vioo vimepinda. Zungusha pia ringi zote mbili. Zisikwaruze wala kugota, na ukiitikisa lenzi polepole usisikie mlio ambao hukuuzoea.

Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele usikukoseshe usingizi. Mara nyingi hauonekani kabisa kwenye picha. Huweza kujitokeza tu unapopiga picha ukilielekea jua, kwa mng'ao usiotakikana.

Wakati wa kumwachia fundi

Kuna nyakati ambapo busara ni kuweka koleo chini. Lenzi ikiwa bado ina dhamana ya muuzaji, ikiwa ni ya kukodi au ya chuo, au ikiwa ringi zake haziendi, ipeleke kwa fundi ikiwa kama ilivyo. Mwambie mwenye mali ukweli mapema. Kumrudishia mtu lenzi yake ikiwa na alama za msumeno ni kesi mbili badala ya moja.

Kabla ya kuiacha kwa fundi, mwulize bei ya kuondoa pete peke yake, na ukubaliane naye kwamba hatafungua chochote kingine bila kukuarifu. Piga picha ya lenzi na namba yake ya usajili. Hiyo si kumshuku mtu, ni tahadhari kabla ya hatari.

Filta ni ngao au ni mzigo?

Swali hili huzua ubishi kila wapiga picha wanapokutana. Enzi za filamu, filta ya kuzuia miali ya urujuanimno ilikuwa na kazi yake. Filamu iliiona miali hiyo na kutia ukungu wa kibuluu kwenye picha za mbali, hasa juu milimani ambako miali huzidi kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000. Kamera za dijitali huizuia miali hiyo zenyewe. Kwa hivyo wengi wanaofunga filta hiyo leo hufanya hivyo kwa ulinzi tu.

Ulinzi huo upo, lakini una mipaka. Filta huzuia mchanga wa ufuoni, manyunyu ya bahari na vidole vya watoto. Katika ajali, pete yake yaweza kupokea pigo ambalo lingeubonyeza mdomo wa lenzi. Lakini kioo chake ni chembamba kuliko cha lenzi na huvunjika upesi, na vigerenyenza vyake ndivyo vinavyoweza kukwaruza kile kilichokuwa kikilindwa. Kwa kuanguka, ngao bora ni kofia ya lenzi, ile ya plastiki inayotokeza mbele. Yenyewe hunyumbuka, hupasuka au huchomoka, na pigo huishia hapo.

Anayependa filta yake na aitumie, ila aifunge kwa mkono mwepesi. Ikigota, basi. Aifungue angalau mara moja kwa mwezi ili isizoee kukaa, na mara kwa mara apitishe ncha ya penseli kwenye hesi, kwa sababu unga mweusi wa penseli huzilainisha bila kutambaa kama mafuta. Na kamera ikiwa kazini, mkanda ukae shingoni au uzungushwe kwenye kiganja, usiachwe ukining'inia mezani.

Filta hununuliwa upya kwa pesa za kazi ya siku moja au mbili. Lenzi yaweza kumla mtu mapato ya msimu mzima wa harusi. Baina ya hizo mbili, mwenye kamera ajue mapema ni ipi atakayoikata na ni ipi atakayoiokoa.